Gunia la Hamsini

Mafuta ya gunia jipya hayatoki mkononi upesi. Unaweza kunawa kwa majivu, kwa mchanga, hata kwa kipande cha sabuni kama ulibahatika kukipata mwaka ule, na bado ukila ugali unasikia harufu kama ya mafuta ya taa. Nyuzi za juti haziingii kwenye mashine bila kulainishwa kwa mafuta hayo. Gunia huondoka nayo kiwandani, husafiri nayo kwenye behewa, na huja kuyaacha kwenye viganja vya watu kama sisi tuliokuwa tukiyapokea Shinyanga. Hilo nililijua tangu wiki yangu ya kwanza kazini, na ndilo lililonifanya nijione mjuzi siku ambayo ningefaa kukaa kimya.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni. Nilikuwa nimepita umri wa miaka ishirini na mitano na sijakaa mahali pamoja kwa misimu miwili tangu nilipoacha shule darasa la sita. Nilipalilia pamba, nikasukuma marobota kwenye kiwanda cha kuchambulia, nikachunga ng'ombe wa watu kuelekea Meatu, nikaacha kila kazi siku ile ile niliyoona nimeshaielewa. Bohari ya magunia nilikaa muda mrefu kuliko kote kwa sababu ilikuwa na mambo ya kuuliza.

Magunia yote ya nchi wakati huo yalikuwa mali ya shirika moja la umma. Nilipokuwa mdogo, Mhindi wa dukani alikuwa akiyapanga barazani, yametoka ng'ambo ya bahari, nawe ukitaka moja unanunua moja. Kisha ikaamuliwa kwamba nchi ilime nyuzi zake, isokote yenyewe, ifume yenyewe. Dereva mmoja aliyewahi kufika kwenye mashamba hayo, mbali sana mashariki, aliniambia mmea wenyewe ni mrefu kumzidi mtu, ni ndugu wa bamia, na mabua yake hulowekwa kwenye maji mpaka yanuke kama mzoga. Nilimuuliza kuhusu kiwanda. Akasema mashine za kufumia ni nyingi ajabu, ila zinazozunguka unaweza kuzimaliza kuzihesabu kabla chai yako haijapoa. Zilizobaki zinasubiri vipuri.

Basi magunia yakawa adimu. Kulikuwa na msimu ambao mvua ilinyesha vizuri na mpunga ukajaa, na wakulima wakaumwaga kwenye ngozi za ng'ombe na mikeka wakiulinda na panya kwa fimbo, kwa sababu hapakuwa na cha kuutilia. Gunia lilitoka bohari kwa kibali tu, lilirudi bohari baada ya mavuno, na kila moja lilikuwa na alama ya shirika: mstari wa kijani uliofumwa katikati, kutoka mdomoni mpaka kitakoni. Mtu binafsi akikutwa na gunia lenye mstari wa kijani bila karatasi, alikuwa mhujumu.

Neno hilo sasa vijana hulisema kwa mzaha. Sisi hatukulifanyia mzaha. Mtunza bohari wetu, mtu mpole aliyekuwa akitugawia karanga, alikutwa amepungukiwa magunia saba. Landrova ilikuja saa nne asubuhi. Aliondoka amevaa kandambili, akatuambia tumwagilie mchicha wake, na tulimwagilia mpaka ukatoa mbegu na kukauka. Hakurudi, wala hakuna aliyetuambia yuko wapi. Mkewe alikuja mara mbili kutuuliza sisi.

Baada ya hapo iliwekwa amri mpya. Robota lolote la magunia likitoka, anayelisindikiza awe na mdhamini humo humo bohari, na mdhamini aweke dole gumba kwenye karatasi. Likipungua hata gunia moja, anayechukuliwa kwanza ni mdhamini, kwa sababu msindikizaji anaweza kukimbia.

Mimi sikuwa na ndugu mjini. Aliyeniwekea dole ni mkuu wa washonaji, mama mmoja Msukuma mwenye mwili mkubwa, aliyekaa siku nzima juu ya gogo la mti akishona viraka na kikosi chake cha wanawake sita. Alikuwa mtu wa maneno machache ila macho yake yalifanya kazi. Akiokota gunia lililoshonwa misimu mitatu iliyopita alikuambia nani alilishona, na kama siku hiyo alikuwa na njaa. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika shazia, ile sindano nene ya magunia, na alinicheka mwezi mzima kwa kuvuta uzi kushoto kila nilipofika mwisho wa mshono. Nilimwita mayu, kama watu wanavyowaita mama zao kwa Kisukuma. Mume wake alikuwa amelazwa hospitali ya Kolandoto, miguu haimbebi, na kila baada ya siku moja yeye alipanda baiskeli na kapu la ugali kwenda kumlisha, maana hawakuwa na mtoto aliye karibu.

Siku aliyoweka dole lile alilifuta kwenye kanga yake, akaniangalia, akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, ukipotea wewe, mzee wangu hana wa kumlisha. Usiende ukauliza-uliza maswali huko."

Nilimwambia sitauliza.

Nilipewa robota la magunia hamsini, machakavu yaliyoshonwa vizuri na mengine machache mapya, niyafikishe kwenye kijiji kimoja cha mpunga kupita Katoro. Nilipanda lori kupitia Kahama na Ushirombo, robota chini yangu, karatasi imefungwa kwenye nailoni kifuani. Katika mfuko nilikuwa na shazia, kisu na mafungu ya uzi wa katani, kama kila msindikizaji, kwa ajili ya kuziba matundu ya njiani. Tulipofika Katoro, wakati huo vibanda na vumbi tu kando ya barabara, dereva alisema dizeli imekwisha na atakwenda Geita kuitafuta kwa lori jingine. Siku mbili, alisema, pengine tatu. Nikapewa nafasi kwenye banda la kununulia pamba lililokuwa tupu kwa kuwa msimu ulikuwa bado, nikakaa humo na robota langu kama watu wawili wanaosubiri hukumu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo lilikuwa likinisumbua tangu Shinyanga. Miezi kadhaa nyuma nilikung'uta gunia lililorudi kutoka upande huo wa Geita, limejaa udongo mwekundu, nikaona ndani ya nyuzi kitu kinang'aa, kidogo kuliko ncha ya shazia. Mayu aliniambia hiyo ni dhahabu na nilikung'utie mbali. Wachimbaji hutandika gunia juu ya mbao iliyolazwa mteremko, wakamwaga juu yake maji na mchanga uliosagwa. Mchanga unateremka, dhahabu ambayo ni nzito inashikwa na manyoya ya juti. Nilitaka kuona hilo. Sijui kuieleza zaidi ya hapo. Sikutaka dhahabu, nilitaka kuona inavyoshikwa.

Mchimbaji alinikuta mlangoni asubuhi ya pili. Alikuwa Msumbwa, umri wangu hivi, miguu imepauka kwa tope, na alikuwa ameshasikia kwamba banda la pamba lina magunia. Tulisalimiana, tukazungumza habari za mvua, kisha akaniomba gunia moja kwa nusu siku. La kwake lilikuwa limekwisha na ana mchanga wa wiki tatu umelala chini, na mwenye mashine ya kusagia anamdai sehemu yake. Nilikataa. Akasema basi nimpe lile jipya, la juu, linaonekana zuri.

Hapo ndipo ujuzi wangu uliponitoka mdomoni. Nilimwambia jipya halitamfaa kitu, lina mafuta, maji yatalikimbia na dhahabu itateleza iende na mchanga. Anahitaji lililofuliwa na kuchakaa, lililotoa manyoya.

Aliniangalia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata darasani. "Kumbe we fundi," alisema. "Twende ukanitandikie mwenyewe, basi. Haki ya gunia utaipata mkononi, mashahidi wakiona."

Sikumuuliza haki ya gunia ni nini. Mtu niliyeuliza kila kitu maisha yangu yote, hilo sikuuliza. Nilichomoa gunia moja kuukuu, nikalivaa chini ya koti kama fulana, tukaenda.

Mwalo, ndivyo wanavyoita mahali pa kuoshea, ulikuwa bondeni kwenye kijito, mwendo wa saa moja. Nilitandika gunia kwa mikono yangu juu ya mbao. Waliokuwa hapo, watu watano au sita, walisimama kuangalia maji yakipita. Mara ya kwanza sikuona kitu. Mchimbaji akaniinamisha kichwa, akanionyesha kwa kidole: kwenye kila fundo la nyuzi, upande wa juu wa uzi, palikuwa na vumbi la rangi ya maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana. Nilitazama kwa muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Nyuzi za shirika, zilizolimwa kwa amri, zikafumwa kwenye mashine mbovu, zilikuwa zikifanya kazi ambayo hakuna afisa aliyezipangia.

Kisha mtu akapiga mluzi juu ya ukingo. Mgambo walikuwa wameonekana barabarani, wanaelekea Katoro. Kila aliyekuwa pale alijua la kufanya. Mimi peke yangu nilikuwa na robota halina mlinzi. Nilipanda kilima mbio. Mchimbaji alinipigia kelele nisiwe na wasiwasi, atamalizia na kuja.

Mgambo walipita mbele ya banda, watatu, na katikati yao mzee mmoja mwenye koti la suti juu ya msuli. Mikono yake ilifungwa kwa nyuma kwa utepe wa gunia, nao utepe ulikuwa na mstari wa kijani. Nilisikia mtu akieleza jirani yake kwamba alikutwa na magunia matatu ameyashona pamoja kuwa godoro. Mzee yule alitazama mlango wangu alipokuwa akipita. Nilidhani ananijua.

Jua lilipokuwa limesimama kichwani mchimbaji alikuja, akifuatana na wenzake wawili. Alikuwa anatabasamu. Alinyoosha mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mkubwa kitu, na juu ya viganja palikuwa na karatasi ya sukari iliyokunjwa vizuri.

"Hiki chako," alisema. "Hawa ni mashahidi, hatujagusa."

Nilifungua. Yalikuwa majivu.

Nitaeleza kama walivyonieleza wao, kwa subira, wakishangaa kwamba fundi mzima hajui. Mwaloni kila mtu ana haki yake: mwenye shimo, mwenye mashine, mwenye maji. Mwenye gunia haki yake ni kile ambacho gunia limekimeza na haliwezi kukitapika hata ukilifua. Kwa hiyo kazi ikiisha gunia huchomwa kwenye karai, mbele ya watu, na majivu yake hupewa mwenyewe ayaoshe, asije akasema ameibiwa. Ni uaminifu. Mchimbaji asiyechoma gunia la mtu hukopeshwa mara moja tu.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Mchimbaji aliuliza kama naumwa. Nilipomwambia gunia lile lina karatasi Shinyanga na dole la mama wa watu, tabasamu lilimtoka polepole. Wale mashahidi wawili walikuwa wameshaondoka kabla sijafika mwisho wa maneno.

"Kaka," alisema mchimbaji kwa sauti ndogo, "mimi ningejuaje? Nani anaazima mtu gunia akitaka gunia lenyewe lirudi?"

Akaondoka naye. Sikumwona tena, na sikumlaumu wakati ule wala sasa.

Nilikuwa na magunia arobaini na tisa, na mkononi nilikuwa na majivu yenye dhahabu, ambayo nayo ilikuwa mali ya serikali. Kosa la kwanza lingemchukua mayu, la pili mimi. Niliwaza kutoroka. Nakiri kwamba niliwaza kwanza kutoroka, na kwamba nilitazama barabara ya Ushirombo na kujua ninavyoweza kuifuata mpaka mahali ambapo hakuna anayenijua, kama nilivyofanya mara kadhaa. Kilichonizuia hakikuwa ushujaa. Niliona lile kapu la ugali kwenye baiskeli. Nililiona waziwazi kabisa, limefunikwa kwa kitambaa cha bluu, na hakuna anayeliendesha.

Majivu niliyamwaga kwenye choo nyuma ya banda, karatasi nikaitafuna. Kisha nikatoka kutafuta gunia.

Ukitaka kujua woga wa miaka ile, ungejaribu kuuliza gunia barabarani. Niliowauliza hawakunijibu, walinyamaza kama watu waliopita karibu na nyoka. Kijana mmoja mwenye baiskeli alinitazama viatu, kwa kuwa wapelelezi walisemekana kuvaa viatu vizuri. Mama mmoja wa makamo, muuza mchele, aliitikia shikamoo yangu kwa upole kabisa. "Mwanangu," alisema, "mimi hata gunia lenyewe sijawahi kuliona tangu nizaliwe." Na alikuwa amelikalia. Nilitamani kucheka. Nilirudi bandani.

Sikumbuki wazo lilivyonijia. Nakumbuka nimelaza gunia moja sakafuni, nikilipima kwa shubiri, na kuona kwamba gunia likikatwa upana wa vidole vitatu mdomoni bado ni gunia. Vidole vitatu kutoka hili, vidole vitatu kutoka lile. Na kila utepe nitakaoukata utakuwa na kipande chake cha mstari wa kijani.

Asubuhi iliyofuata, Jumatano, mwanga ulipotosha, nilianza. Nilifunga mlango kwa ndani na kukaa chini ya tundu la ukutani lililoingiza jua. Nilikata midomo ya magunia thelathini. Kila uliokatwa niliupinda upya na kuushona, mshono mpana, haraka, ili lisifumuke. Tepe zile nilizipanga moja juu ya nyingine na kuziunganisha duara kwa duara, nikihakikisha kijani kinakutana na kijani. Hakikukutana vizuri. Kila mkato ulikuwa na hila yake, na mstari ukawa unayumba, kulia, kushoto, tena kulia, kama njia ya ng'ombe kwenda lamboni.

Watu walipita nje kutwa nzima. Nilijifunza nyayo zao. Viatu vya mgambo vilikuwa na chuma kisiginoni, na kila nilipovisikia nilisimamisha shazia katikati ya uzi na kuacha kupumua. Mara moja vilisimama. Vivuli viwili vilikaa kwenye mwanya chini ya mlango na nikasikia mtu akisema banda hili lina nani, na mwingine akasema lina robota la serikali. Kiberiti kikawashwa. Moshi wa sigara uliingia kwa chini ukanipata puani, na vumbi la juti lilikuwa limejaa kooni, na nilijua nitakohoa. Niliuma kipande cha gunia jipya kilichokuwa mkononi. Nilikiuma mpaka mafuta yakatoka, na mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa ulimi wangu unakauka. Walivuta sigara ile mpaka mwisho. Walizungumza juu ya mwanamke mmoja na kuku wake. Wakaenda.

Alasiri vidole vyangu vilikuwa vinatoka damu, na gunia la hamsini lilikuwa limekwisha. Sikuwahi kuona kitu kibaya kama kile. Lilikuwa na mapete kama kiwavi.

Dereva alirudi siku iliyofuata na tukaondoka mara moja. Kijijini, mbele ya ghala, niliona meza imewekwa uani, na nyuma yake mkaguzi kutoka wilayani, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, kushoto kwake katibu wa kijiji, kulia mgambo mwenye bunduki. Wanakijiji walikaa chini, mbali kidogo. Nilikuwa sijaambiwa kwamba kutakuwa na mkaguzi. Baadaye nilijua kwamba wakati ule wa msako wa wahujumu wakaguzi walikuwa kila mahali.

Aliamuru magunia yafunguliwe, moja moja, yapitishwe mezani. Alikuwa na tabia ya kuvuta kidole juu ya mstari wa kijani kutoka mdomoni mpaka chini. Nilikuwa nimeliweka langu la thelathini na kitu, katikati ya robota, nikidhani atakuwa amechoka. Hakuchoka. Lilipofika alilishika, akalinyoosha, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nilisikia mgambo akibadilisha mguu.

"Hili nini?" aliuliza mkaguzi.

"Gunia, mzee," nilisema. "La shirika. Lina mstari."

Aliweka kidole kwenye kijani akaanza kushuka. Kidole kikaenda kulia, kikaenda kushoto. Watu wote uani walikuwa wakikiangalia kidole. Kilipofika chini alikaa nalo hivyo, na nikaona kile nilichokuwa nimekiona kwa mtunza bohari, kandambili, mchicha, ila aliyekuwa akipanda Landrova ni mayu, na kanga yake imenasa mlangoni.

"Mstari wenyewe umelewa," alisema mkaguzi. Kisha akamgeukia katibu. "Ndiyo wanayotoa siku hizi kiwandani?"

Katibu alikuwa mtu mzima, amechoka, mpunga wake mwenyewe umelala kwenye mkeka. Alilitazama gunia lile, akanitazama mimi, na sitajua kamwe alichokiona. "Heri hili, mzee," alisema. "La msimu uliopita lilikuwa na mdomo juu na mdomo chini."

Wanakijiji walicheka, kwa tahadhari, wakimtazama mkaguzi kama ameruhusu. Mkaguzi alitikisa kichwa. Alisema kitu kuhusu vipuri. Akalitupa gunia upande wa yaliyokaguliwa na kunyoosha mkono kupokea linalofuata, na yale mafupi yalipita yote, maana gunia fupi lenye mstari ulionyooka ni gunia. Alipiga muhuri karatasi yangu. Niliikunja na kuirudisha kwenye nailoni kifuani.

Nilirudi Shinyanga na muhuri wangu, mayu akaipokea karatasi, akaangalia mahali pa dole lake, akasema wabeja, asante, na kunipa kiazi. Sikumwambia. Nilijisemea kwamba nitamwambia mambo yakitulia. Miezi ikapita, msako ukapungua makali, na mimi bado sijamwambia, na kila lori lililoleta magunia yaliyotumika nilikuwa wa kwanza kulipanda, nikitafuta. Nilikusudia kulipata na kulifumua kabla hajaliona mtu.

Lilikuja siku ambayo nilitumwa stesheni. Nilipoingia uani washonaji wote walikuwa wamekwenda kula, isipokuwa yeye. Alikuwa kwenye gogo lake, gunia lile limetandazwa mapajani, na kidole chake kilikuwa mwisho wa moja ya mishono, mahali uzi ulipovutwa kushoto.

Hakuniuliza nani. Nilisimama mbele yake nikamweleza yote, kutoka mwalo mpaka mkaguzi, na alisikiliza akiwa ameshachomoa kisu kidogo na kuanza kukata uzi. Alifumua utepe wa kwanza, akaulaza gotini. Akafumua wa pili. Zilikuwa viraka vizuri, tepe zile. Hakuna atakayejua zilikotoka. Alikuwa akiifuta hatari ile mbele ya macho yangu, taratibu.

"Ulilishona siku gani?" aliuliza.

Nilimwambia Jumatano, ile wiki niliyokuwa Katoro.

"Jumatano ile nilikuwa Kolandoto," alisema. "Namnyoa mzee ndevu. Alinitania, nikacheka mpaka nesi akaja kuangalia." Alikata uzi mwingine. "Nacheka, na wewe umenishona humu."

Niliomba msamaha. Alisema ameusikia. Baadaye, alipofika utepe wa mwisho, alisema bila kuniangalia kwamba hatanisema kwa mtu, na kwamba dole lake hatanipa tena, na bila dole sina kazi pale, kwa hiyo nitafute lori la Jumamosi. Alisema kwa upole, kama anavyomwambia mtu uzi umekwisha.

Nilipanda lori la Jumamosi. Lilikuwa linakwenda upande wa Tabora, na njiani dereva alianza kunieleza namna nyuki wanavyotolewa kwenye mizinga ya magome. Nilimwacha aseme. Sikumuuliza kitu mpaka tulipofika.